Meno Bapa

Sheria ilikuwa wazi: mzazi aliyeng'oka meno yote hachagui mwenyewe meno yake ya bandia yakutane vipi. Anayechagua ni mtoto anayemlisha.

Bi Mize aliketi kwenye kiti cha daktari wa meno akitazama sampuli mbili. Moja ilikuwa na vilele vinavyoshikana, meno ya kutafuna hata nyama ngumu. Nyingine ilikuwa bapa, meno yanayoteleza tu yakikutana, ya uji na ndizi za kupondwa.

"Nichagulie yenye vilele, mwanangu," aliomba.

"Bapa," Shaali alimwambia daktari, bila kumtazama mama yake. "Akiweza nyama atataka apikiwe kila siku, na mke wangu ni mjamzito. Kwani uji una ubaya gani, mama?"

Mtoto alipozaliwa, Shaali alimletea mama yake kile kichanga pamoja na tende kavu. Kwao, bibi ndiye hulainisha tende kwa meno yake, akampaka mjukuu kaakaani, ili utamu uwe kitu cha kwanza kuonja duniani.

Bi Mize alitafuna. Meno yaliteleza. Alitafuna tena mpaka machozi yakamlenga, kisha akaitoa tende nzima, imelowa mate tu, akamwekea Shaali kiganjani.

"Mtafunie wewe," alisema. "Tena mtafunie kwa adabu, baba. Huyu ndiye atakayekuchagulia."

Shaali alimtazama mwanawe. Alikuwa anapiga miayo, fizi wazi, hana jino hata moja.