Fundi wa Lami

Zama hizo kila ukoo ulikuwa na safina yake uani, na mlango wa safina haukumfungulia mtu ila yule ambaye mkubwa wa ukoo ameufundisha sauti yake. Safina yao aliipaka lami Mbonea, ubao kwa ubao, huku majirani wakimcheka hadi machozi. Hakujali. Mchungaji alikwisha kusema kwamba wanaocheka ndio watakaozama.

Ving'ora vilipolia, aliwaacha ndugu zake watangulie kuingia, naye akabaki nje akiziba nyufa za mwisho. Maji ya tope yalipomfika magotini, aliikumbatia ndoo yake, akausogelea mlango na kutamka jina lake.

"Sauti hii haimo," mlango ukajibu kwa upole.

"Kaka Elinami! Mlango umeharibika!"

"Haujaharibika, mdogo wangu," kaka yake akasema kutoka ndani. "Nafasi yako tumempa mchumba wa dada yetu. Yule ana watu serikalini. Nawe mjuzi wa Maandiko, hebu niambie, mafundi wa Nuhu walipanda?"

Mtu akacheka humo ndani.

Kisha ikaja sauti ya mama yao, yenye haraka. "Mbonea mwanangu, huku chini kunavuja. Ziba basi, baba."

Mbonea akachovya brashi.

"Mama, ulijua?"

Akangoja, sikio kwenye ubao. Alisikia maji tu, yakiingia.