Kanuni ya Saba

Pranav aliikosa bluu makusudi, na hakuna mtu ukumbini ambaye hakuona.

Bluu ilikuwa imekaa mdomoni kabisa mwa shimo la kona. Hata mtu anayeshika fimbo ya snuka kwa mara ya kwanza angeitumbukiza, na ikiingia tu, mpinzani hawezi tena kumfikia kwa alama, fremu imekwisha. Pranav, aliyecheza mchezo huu kwa miaka arobaini, aliipiga pembeni. Ikagonga ukingo, ikatoka pale, na mpira mweupe ukaenda kujificha nyuma ya mweusi.

Odero, kapteni wa timu ya Reli, alitazama karatasi ya kanuni.

Ligi yao ya wachezaji wa ridhaa ilikuwa na kanuni kumi na mbili, zilizobandikwa ukutani kando ya ubao wa alama. Zote ziliandikwa na Pranav mwenyewe, katibu wa ligi na kapteni wa timu ya Mjini. Ya saba ilisema hivi: mchezaji asiyekuwepo fremu yake inapoitwa, amepoteza. Timu ikikosa mchezaji namna hiyo mara tatu katika msimu mmoja, inafutwa.

Reli walikuwa wamekosa mara mbili.

Sasa ilikuwa fremu ya tatu, Pranav dhidi ya Makhanu wa Reli. Ya nne na ya mwisho ilikuwa ya Nerima, na Nerima hakuwepo. Saa sita alikuwa ametuma ujumbe: "Bado niko hosi. Nisubirini." Zamu yake ya uuguzi ilikuwa imeisha tangu asubuhi, na Odero hakuelewa ni nini kilichomshikilia wodini mpaka saa kumi. Kumpigia hakuweza. Kanuni ya tatu ilitaka simu zote zizimwe na kuwekwa kwenye beseni la mwamuzi.

Makhanu alijikunja, akapiga, akaigusa bluu kwa shida, kisha akarudi kwenye benchi.

"Kapteni, huyu mzee anatucheza," akanong'ona. "Si amalize tu? Anangoja nini?"

"Anataka tusikie uchungu."

Odero alimjua Pranav. Mwezi Machi trela lilikuwa limeanguka Salgaa na kufunga barabara, Makhanu akafika amechelewa dakika nne. Odero alibembeleza mpaka sauti ikakauka. Pranav alinyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani. "Kanuni ni kanuni, boss," alisema, akaenda kunywa chai.

Leo hata hiyo chai haikuwepo. Champa, mkewe, aliyezoea kukaa benchi la mbele na thamosi yake, hakuja. Wala binti yao Unnati, ambaye Odero alimwogopa kuliko baba yake. Unnati hakuwa amegusa fimbo tangu mvua za masika zianze, na nafasi yake ilichukuliwa na mgeni kutoka Subukia. Odero alishukuru moyoni kwa hilo.

Pranav alizunguka meza. Akapaka chaki. Akatazama mlango. Akapaka chaki tena.

"Mzee Pranav, cheza," alisema Jepkemei, mwamuzi.

"Nafikiri."

"Umefikiri dakika tano."

"Kanuni zangu hazisemi mtu afikiri kwa muda gani."

Watu wakacheka kidogo. Pranav alitazama mlango tena. Kila alipoutazama, Odero alisogea mbele kidogo kwenye benchi. Baba yake alikuwa mmoja wa watu wanne walioanzisha timu hii, wafanyakazi wa karakana, wakicheza na mafuta ya injini mikononi. Na sasa ingefutwa hivi, polepole, na mtu anayechungulia mlangoni kuhakikisha hakuna anayekuja.

Akainuka, akamfuata mpaka mezani.

"Mzee, kama unataka kutufuta, tufute. Usituchezee hivi mbele ya watu."

Pranav hakumtazama. Chaki ilimponyoka, ikabingirika chini ya meza.

"Kaa chini, Odero. Bado sijamaliza."

Akapiga, akakosa tena. Makhanu akapiga, mkono umechoka, na bluu ikarudi palepale, mdomoni mwa shimo.

"Ukikosa makusudi tena, nasimamisha mchezo na fremu inaisha," alisema Jepkemei. "Nakuheshimu, mzee, lakini hapa mwamuzi ni mimi."

Pranav aliinama juu ya fimbo, akakaa hivyo muda mrefu, kama mtu aliyesahau kwa nini ameinama. Kisha akapiga. Bluu ikaingia.

Jepkemei akaandika alama. "Fremu ya nne. Kwa upande wa Reli, Nerima."

Odero alitazama sakafu.

"Nerima?"

"Ita kwa sauti," Pranav alisema. Sauti yake mwenyewe ilikuwa ikikwaruza. "Hakuna anayekusikia."

"Wamenisikia wote, mzee." Jepkemei akainua kalamu. "Naita mara ya mwisho. Nerima!"

Mlango ukagonga ukuta. Nerima aliingia akihema, viatu vya plastiki vya wodini bado miguuni, mikono ya sare imekunjwa mpaka kwenye viwiko.

Odero aliruka juu, akamnyooshea fimbo yake. Nerima akampita kama hamwoni. Akapita benchi lote la Reli, akazunguka meza, akasimama mbele ya Pranav, akamshika mikono yote miwili.

"Babu, ni msichana," akasema. "Unnati ameamka baada ya upasuaji, na anauliza kama umeshinda."