Vigae Vitatu

Kwaru, kwaru. Kulikuwa bado giza, na kitu kilikwaruza juu ya dari, pale palipowekwa kuni.

Anyisile aliketi kwenye mkeka. "Nini hicho?"

"Panya, mama," alijibu Damari, mkwewe.

"Panya mzito hivyo?"

Angetile, binti wa miaka minne, alifumbua mdomo kusema kitu. Damari akamtilia kipande cha ndizi mdomoni, akamvuta kifuani. "Lala, mwanangu. Hakujapambazuka."

"Wala sishangai," Anyisile alinung'unika akijilaza tena. "Nyumba inayolisha ndege itakosaje panya?"

Kijijini Ngonga watu wote walisema hivyo. Mpunga ulikuwa unaiva, na kila mwenye mikono alikuwa shambani akiwinga ndege kwa makelele na madongo. Damari peke yake, yule mfinyanzi aliyeolewa kutoka ufukweni mwa ziwa, aliwamwagia chenga za mchele uani kwake.

Alianza baada ya habari za mumewe. Vita ilipozuka, Hezroni alichukuliwa kubeba risasi za Wajerumani hadi mpakani. Mpagazi mwenzake akarudi na kusimulia kwamba alimwona akianguka katika mto Songwe, mzigo kichwani, maji yakamfunika. Wanawake walikuja, wakaketi, wakangoja Damari alie. Hakulia. Siku zilivyopita wakaacha hata kuja kuomba moto. Walisema huzuni imemvuruga kichwa, naye hakumfuata mtu kujieleza. Alikaa uani na udongo wake, akifinyanga na kutazama ndege.

Kulipokucha alijaza vigae vyake vitatu, vipande vya mtungi uliopasuka tanuruni. Kimoja kilikuwa kando ya njia, kimoja nyuma ya nyumba kuelekea kijitoni, cha tatu migombani.

"Na kwa nini vitatu?" Anyisile aliuliza, mikono kiunoni. "Kimoja hakitoshi kututia njaa?"

"Tetere ni wachoyo, mama. Wakikalia kimoja, chiriku hawapati kitu."

"Chiriku hawapati kitu! Mimi je?"

Damari alicheka kidogo. Alikuwa amesahau kicheko chake kinavyosikika. Ndege hao aliwajua tabia zao zote. Mbuzi akipita, walijisogeza tu. Angetile akiwakimbilia, minana walirukia uzio na kumpigia kelele. Akija mtu mgeni, waliondoka wote kwa mkupuo, mabawa yakapiga kama makofi. Kurudi nako kulikuwa na mpango wake: chiriku kwanza, kisha minana, na tetere mwisho kabisa, baada ya kuhakikisha.

"Keti, mama Angetile," Anyisile alisema. "Sikuja kulala kwako kwa ajili ya ndege. Jumapili tunamlilia Hezroni. Mchungaji amekubali. Nawe utakaa mbele, kama mke."

"Siwezi kumlilia, mama."

"Huwezi, au hutaki?"

Damari alikanda udongo.

"Basi rudi kwenu ukafinyange vyungu," mama mkwe alisema taratibu, na utaratibu ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Mtoto wa mwanangu atabaki kwetu. Sitaacha alelewe na mama asiyejua kwamba baba yake amekufa."

Mikono ya Damari ilisimama ndani ya udongo. Angetile alikuja akamshika kanga.

Ndipo mabawa yalipopiga. Kigae cha njiani kikabaki kitupu.

Damari aliruka, akashika mchi, akatwanga mara tatu.

"Unatwanga nini wewe?" Anyisile alimtazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na huruma. "Kinu hakina kitu."

"Hodi!"

Askari wawili walitokea njiani, bunduki begani. "Mwanaume wa nyumba hii yuko wapi?" aliuliza yule mkubwa. "Kuna wapagazi wametoroka. Wengine wameonekana pande hizi."

Anyisile ndiye aliyejibu. Alijitupa chini, vumbi likaruka.

"Mwanaume gani? Mmeniulia mwanangu, leo mnataka nini tena, mifupa yake? Nendeni Songwe mkaulize maji! Hezroni wangu! Hezroni!"

Alilia akigaragara mpaka kilemba kikamvuka, na mvi zake zikajaa mchanga. Kilio kile hakuna awezaye kukiigiza. Askari mdogo aliinama mlangoni, moshi wa jikoni ukamlaki, akarudi akifikicha macho.

"Twende," mkubwa wake alisema bila kumtazama mtu. "Hapa pana msiba."

Walimkamata kuku mmoja, wakashika njia waliyojia.

Damari alipiga magoti. Alimfuta mama mkwe uso kwa mikono yake yenye udongo, udongo ukabaki mashavuni. Kulikuwa na neno alilotaka kumwambia. Lilifika kwenye meno, likarudi.

"Nisamehe, mama," alisema tu. "Jumapili nitakaa mbele. Nitalia pamoja nawe."

"Ndaga, mwanangu," Anyisile alishukuru kwa kunong'ona, akamshika mkono. "Ndaga."

Ua ulitulia. Chiriku wakashuka kwenye kigae cha njiani, mmoja, kisha wenzake. Wakaja minana na ugomvi wao. Angetile alisimama akiwaangalia mpaka tetere wa mwisho alipotua na kukunja mabawa. Kisha akakimbilia ndani, akasimama kando ya mafiga, akainua uso wake darini.

"Baba, ndege wamerudi."