Bangili za Kikosi

Ukiokolewa na Kikosi cha Uokoaji wa Anga unavishwa bangili ya waya, na tangu siku hiyo unasaidia kumbeba kila anayeinuliwa na helikopta zao. Uzito wake hugawanywa kwa wote waliookolewa kabla yake.

Bibi yangu, Dado, alikuwa mtu wa kumi na tatu. Siku walipomwinua mjamzito kwenye mafuriko ya Tana, mkono ulimvuta mpaka akapiga magoti kisimani.

“Alikuwa mzito kweli,” alinisimulia, “lakini raha yake, mjukuu wangu!”

Mimi ni wa elfu arobaini. Kwangu mtu mzima ni kama nzi aliyetua mkononi, na mtoto simhisi kabisa. Historia ya Kikosi ndiyo hiyo: sisi tunazidi kuwa wengi, watu wanazidi kuwa wepesi.

Leo asubuhi nilikuwa nasukuma chapati. Ghafla mkono ukaganda mezani, sikuweza kuuinua. Dirishani niliwaona majirani wenye bangili wakipiga magoti uani, mmoja baada ya mwingine.

“Mama, wanambeba nani?” binti yangu Hawaye aliuliza.

Magoti yangu yaligusa sakafu.

“Si mtu, mwanangu. Ni mji mzima, na bado wanapanda.”