Keki Isiyoandikwa Jina

Katikati ya daraja la Rusumo, Mama Ritha alisimama ghafla, boksi la keki amelikumbatia kifuani, akayatazama maji ya Kagera yanavyoporomoka.

"Zamani yalikuwa na kelele zaidi," alisema.

Ritha aligeuka. Mama yake alikuwa muuza dagaa wa Chato, mtu ambaye hata Mwanza aliiona ni mbali. Kelele za maporomoko haya alizijulia wapi?

"Kumbe uliwahi kufika hapa?"

"Mara moja tu. Nilikuwa na haraka."

Akaendelea kutembea. Ritha alimfuata. Kwa hiyo ni hapa, aliwaza. Ni hapa nilipookotwa.

Wiki hiyo alikuwa ametimiza miaka ishirini na mmoja. Kwao hawakuwa watu wa kusherehekea siku za kuzaliwa. Mama akikumbuka, alimnunulia soda, basi. Lakini safari hii alikuja mpaka kwenye chumba alichopanga Ritha kule Kalangalala, mjini Geita, akamwambia afungashe. Wikiendi wanakwenda Rwanda. "Zawadi yako iko huko," alisema, na hakuongeza neno.

Walipokwenda kuchukua keki, dada Pinky wa duka la mikate aliuliza aandike jina gani juu yake.

"Usiandike kitu, mwanangu," mama alijibu. "Jina lenyewe lipo huko tuendako."

Tangu siku hiyo Ritha hakupata usingizi wa maana. Maneno alikuwa ameyasikia tangu yuko darasa la pili, wanawake wakiteta kwenye bomba la maji na kudhani mtoto haelewi: kwa mzee Bujiku kuna mtoto wa kuokotwa, aliachwa na wakimbizi wa ng'ambo. Na yeye kwa mzee Bujiku ndiko alikokulia, yeye na mama yake, kwa sababu baba yake alifukiwa na kifusi machimboni kabla hajamwona.

Kioo nacho hakikumsaidia. Mama alikuwa mfupi, mpana wa mabega. Ritha alirefuka mpaka shuleni wakamwita Nguzo, shingo ndefu, mwanya katikati ya meno ya mbele. Katika nyumba nzima hakufanana na mtu.

Siku moja alijikaza akamuuliza babu, ambaye mama yake alimwita baba. Mzee Bujiku alicheka mpaka akakohoa. "Mayu, mjukuu wangu, kwangu hakuna wa kuokotwa. Kuna wangu tu."

Babu alifariki mwezi wa pili. Matanga hayajapoa, mama akaanza kuongea na simu nyuma ya jiko, kwa sauti ya chini, na Ritha akitokea anakata.

Upande wa pili wa daraja, ofisa alipekua hati zao za safari.

"Mnakwenda kufanya nini?"

"Kusherehekea siku ya kuzaliwa," mama alisema.

"Ya nani?"

Mama aliliinamia boksi la keki, kana kwamba swali lilikuwa gumu.

"Yangu," Ritha akajibu.

Walipanda basi, kisha pikipiki mbili kwenye barabara iliyozunguka vilima kama kamba. Huko abiria naye huvalishwa kofia ngumu. Mama aliivaa juu ya kilemba, keki mapajani.

"Mama, unafanana na mchimbaji anayeshuka shimoni na keki."

"Nyamaza wewe. Shika begi."

Walicheka wote wawili, na kicheko kile ndicho kilichomuuma Ritha zaidi. Leo kinaweza kuwa cha mwisho cha namna hii. Akipewa mama mwingine, huyu atabaki na nani? Na yeye mwenyewe atakuwa mtoto wa nani?

Pikipiki ziliwaacha chini ya kilima, wakapanda kwa miguu kati ya migomba. Ritha hakuweza kuvumilia tena.

"Mama, kwa nini sasa?"

"Babu yako akiwa hai nisingeweza. Ningemuumiza."

"Na wewe? Wewe haikuumi?"

Mama alitua, akavuta pumzi. "Imeniuma miaka yote, Ritha. Twende."

Ritha alianza kuyapanga maneno yake kimoyomoyo, hatua kwa hatua. Shikamoo. Asante kwa kunizaa. Lakini mimi mama ninaye, ndiye huyu hapa.

Juu ya kilima palikuwa na nyumba ndogo ya bati, ua umefagiliwa, na mkeka mpya umetandikwa. Bibi mmoja alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, fimbo mkononi. Shingo ndefu. Alipofungua mdomo, mwanya ukaonekana katikati ya meno ya mbele.

Ritha alikuwa anautazama uso wake mwenyewe, uliozeeka.

Bibi aliitupa fimbo chini, akaja kwa haraka isiyolingana na umri wake.

"Shikamoo," Ritha alianza. "Asante kwa—"

Bibi alimgusa shavu kidogo, akampita.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Ritha. Akamfungua kilemba. Vidole vyake vilipapasa nyuma ya sikio la kushoto mpaka vikalikuta lile kovu la zamani ambalo Ritha alikuwa akilikwepa kila alipomsuka mama yake nywele.

"Uwineza," bibi alinong'ona, akimwita mama kwa jina ambalo Ritha hakuwahi kulisikia. "Mwana wanjye."

Mama Ritha alipiga magoti, akamnyooshea boksi la keki kwa mikono miwili, kama mtoto aliyetumwa dukani akachelewa kurudi.