Nyota za Kima

Bisha ukitaka, lakini Kima ndiye aliyeandika maelezo ya programu inayofungua lango la bwawa letu. Nungunungu, mshika kanuni, alimwonya, "Shemeji, alama za nyota, zile za kukoleza maandishi, zungushia maneno ya hatari tu."

"Wewe na miba yako mnajua nini kuhusu urembo?" Kima akamcheka, akatia nyota kila mstari.

Katikati ya kiangazi mnyama mmoja akafungua lango, maji yote yakatoroka. "Onyo lako la kutofungua kiangazi limezama kwenye nyota zako," mnyama huyo akamlaumu Kima.

Kima aliketi na kiu yake, akafuta nyota moja moja mpaka zikabaki za onyo peke yake.

Kuna kipande nilikiruka. Aliyefungua ni mimi, Kicheche, na sikuwa nimesoma hata neno.