Kikohozi Nyuma ya Blanketi

Matanga ya mkewe yalipokwisha, Grégoire alitia kaseti kwenye redio, akainamisha sikio. Si gita alilolitaka. Alitafuta kikohozi cha marehemu.

Alipoanza kujirekodi akipiga gita hapa nyumbani, alitundika blanketi mlangoni kuzuia kelele. Treni ya Kabalo aliingoja ipite, lakini kikohozi hakikuwa na saa. Kila kilipoingia, alirudisha kaseti nyuma, akapiga upya juu yake.

Sasa gita lilitoka safi. Hakuna hata pumzi ya mtu. Uzi wa mwisho ukatetemeka, ukanyamaza, na kidole chake chenye sugu kikagusa kitufe cha kuzima.

“Papa, umeisha maliza?” mkewe akauliza ndani ya kaseti, polepole, toka nyuma ya blanketi. “Sasa naweza kukohoa?”